Muulize Sista: Mzee alitoka thieta akaanza kuwaamrisha watu washushe tanga

Toleo lililopita nilijibu swali moja tu kuhusu kubadilisha goti, nikadhani yamekwisha. Barua zilizofuata zimenilazimisha kuisogeza mada ya presha hadi toleo lijalo. Karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa sura mbalimbali: ile dawa ya usingizi inayoongezwa juu ya sindano ya mgongo inamfanya nini mtu, hasa mzee, akishatoka thieta? Kwa wasionifahamu, kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa usingizi hapa Mwanza. Kiti changu kilikuwa upande wa kichwa cha mgonjwa, nyuma ya pazia la kijani, madaktari wa mifupa wakiwa upande wa pili na nyundo zao. Nitajibu nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho.

*

Shikamoo Sista. Baba yetu ana miaka 74, ni fundi wa mitumbwi mstaafu, tunaishi Nansio. Goti lake la kulia lilikuwa limeisha kabisa, akabadilishiwa mwaka huu katika hospitali moja mjini Mwanza. Tuliambiwa atachomwa sindano ya mgongo, hatalazwa usingizi kamili wa nusu kaputi, ila atapewa kidawa cha kumtuliza. Upasuaji ulikwenda vizuri. Usiku ule ule akaanza kuwaita watu waliokufa zamani, anawaamrisha washushe tanga, akavuta mpira wa mkojo, akamwita mdogo wangu kwa jina la babu. Wakamchoma sindano nyingine ya kumtuliza na kumfunga mikono kwa bendeji. Mchana anatulia, jioni yanarudi. Siku ya tatu akapata nafuu. Sasa anatembea vizuri, lakini shangazi anasema ile dawa imemharibu ubongo, na wapo wanaosema karogwa na mtu mwenye wivu na goti jipya. Goti la kushoto nalo limepangwa. Tukatae hiyo dawa? Au bora alazwe kabisa? Nisisahau: miwani yake kaka aliondoka nayo kwenye meli, na Valium, kidonge cha usingizi anachomeza kila usiku, hatukukibeba.
Binti wa fundi, Nansio

Marahaba, mwanangu, na mpe pole mzee. Nianze na lililo zito: baba yenu hakurogwa, na kwa jinsi ulivyoeleza, ubongo wake haukuharibika. Alichanganyikiwa kwa muda, jambo linalowapata wazee wengi baada ya upasuaji mkubwa. Ulivyoandika ndivyo lilivyo: linaanza ghafla, linapanda na kushuka, mchana ahueni na jioni balaa, halafu linaondoka. Kwa wengi ni siku chache, kwa wachache huenda wiki kadhaa. Mkiona hadi leo anasahau mambo aliyokuwa akiyajua vizuri, mrudisheni kliniki sasa, msingoje tarehe ya goti la pili.

Tuje kwenye dawa. Ganzi ya mgongoni na dawa ya kumtuliza ni vitu viwili, ila watu huvichanganya kwa sababu hutolewa asubuhi moja na mtu mmoja. Ganzi ndiyo inayozuia maumivu. Mgonjwa tunamkalisha ukingoni mwa kitanda, anakumbatia mto, anaukunja mgongo, sindano nyembamba inapita kati ya pingili za kiunoni. Baada ya dakika chache miguu inapata joto na uzito. Kabla daktari hajashika kisu nilikuwa napitisha pamba yenye spiriti, kwanza begani: "Baridi?" "Baridi, Sista." Kisha pajani: "Na hapa?" Akisema nahisi unanigusa tu, baridi sioni, ndipo nampa daktari ishara. Ganzi hiyo hukaa saa mbili hadi nne hivi, na goti moja linatosha humo.

Dawa ya kutuliza ina kazi nyingine: kuondoa hofu, kelele, na adha ya kulala chali kwenye meza nyembamba. Kelele za goti bandia si za mzaha. Kuna msumeno wa umeme, kuna nyundo, kuna na harufu kali ya saruji ya mfupa inapokorogwa, inayofanana na ya saluni ya kucha. Fundi seremala mmoja aliyekataa usingizi alisikiliza mapigo kwa makini, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyo kijana anayepigilia amefundishwa na nani. Nilicheka hadi daktari akauliza kulikoni.

Kutuliza nako kuna ngazi. Kuna kumtuliza mtu akabaki anakuitikia ukimwita. Kuna kumlaza hadi umtikise bega. Na kuna kumzamisha mpaka hata ukimfinya hajali, ambako kwa maoni yangu ni nusu kaputi iliyovishwa jina la upole. Mtu wa miaka 74 anafika ngazi hiyo ya tatu kwa kiasi ambacho kijana angekimeza na bado akaendelea kukusimulia habari za Simba na Yanga. Damu ya mzee inazunguka polepole, kwa hiyo dawa inachelewa kufanya kazi. Asiye na subira anaongeza, kisha dozi zote mbili zinafika pamoja. Mwalimu wangu alikuwa akituambia tuitie dawa hiyo kama chumvi kwenye mchuzi wa mgonjwa wa presha: tia kidogo, onja, ngoja.

Je, kumzamisha ndiko kunakomchanganya? Hapa watafiti wenyewe wamezunguka. Mwaka 2010 kundi la Marekani lilitoa matokeo ya wazee waliovunjika nyonga, wote wakiwa na ganzi ya mgongoni. Waliolazwa kwa usingizi mzito, asilimia 40 walichanganyikiwa baadaye; waliotulizwa kidogo tu, asilimia 19. Sisi wa kidogokidogo tulijiona washindi. Mwaka 2018 watafiti walewale wakarudia kwa wagonjwa 200, na tofauti kwa jumla ikayeyuka, ikabaki kwa wale tu ambao hawakuwa na maradhi mengine mengi. Kuhusu swali lako la kulazwa kabisa, mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Marekani na Kanada wa watu 1,600 wenye nyonga zilizovunjika, ganzi ya mgongoni dhidi ya nusu kaputi. Waliochanganyikiwa walikuwa kama mmoja kati ya watano pande zote mbili, na baada ya siku 60 waliokufa au walioshindwa kutembea walikaribiana mno. Mwaka uliofuata China ikatoa wake, wazee 950, safari hii wenye ganzi hawakupewa dawa yoyote ya kuwatuliza. Matokeo yakafanana tena.

Hao wote walikuwa wamevunjika, wameletwa wakiwa na maumivu na damu imewapungua. Baba yako aliingia kwa miguu yake, tarehe imepangwa, kwa hiyo hali yake ni nafuu kuliko yao. Lakini mimi nilichokiokota humo ni kwamba usingizi mzito una sehemu yake ya lawama na si mshitakiwa pekee, na kukimbilia nusu kaputi hakutamkinga mzee na lile lililomkuta.

Washitakiwa wengine umewataja mwenyewe mwishoni mwa barua, kama vitu vidogo. Ile Valium! Mtu aliyezoea kidonge hicho kila usiku, ukikikatiza ghafla, mwili unadai. Anatetemeka, halali, anaona mauzauza. Pombe ni vilevile. Mnywaji wa kila jioni anayelazwa bila kusema huanza vituko siku ya pili au ya tatu, na ndugu wanalaumu thieta. Ajabu ya mambo, dawa za jamii hiyohiyo ya Valium, akipewa mzee mgeni nazo ili atulie, ndizo zinazoongoza kwa kumchanganya. Ile tunayoitumia sana thieta inaitwa midazolamu. Kijana inampa usahaulifu mzuri, anaamka anauliza mmeanza? Mzee inaweza kumkaa kichwani hadi usiku. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa inayopita kwa mashine ya matone, ukiifunga mtu anazinduka kwa dakika chache. Ketamini haisumbui sana pumzi na inasaidia maumivu, lakini huleta ndoto za kutisha. Kwa hiyo mnapouliza "alipewa dawa gani?" mnauliza swali la maana, na jibu limeandikwa kwenye faili lake. Ombeni lisomwe.

Na miwani, mwanangu. Mtu anazinduka usiku, wodi ngeni, taa hafifu, haoni sura ya mtu, mrija umeingia asikokujua, mikono imefungwa. Mimi mwenyewe ningeita watu washushe tanga. Sitawahukumu wenzangu wa zamu, najua usiku ule walikuwa wachache na wagonjwa wengi, lakini kumfunga mtu aliyechanganyikiwa humwongezea hofu, na kumchoma sindano juu ya sindano mara nyingi hurefusha shida. Kinachotakiwa kwanza ni kumtafutia sababu. Kibofu kimejaa au mrija umejikunja? Ana maumivu asiyoweza kuyataja? Oksijeni imeshuka? Ana homa, kiu, chumvi ya mwili imeshuka? Dawa ya maumivu aliyopewa ni tramadoli? Hiyo nayo ni mchokozi wa vichwa vya wazee.

Goti la kushoto lisifutwe kwa ajili ya hili. Nendeni kliniki ya usingizi kabla ya siku yenyewe, si asubuhi ile mlangoni pa thieta, na wewe binti ndiye useme, kwa sababu mzee atasema "niko sawa". Mwambieni daktari wa usingizi: safari ya kwanza alichanganyikiwa siku tatu, anameza Valium kila usiku, tunaomba ganzi ya mgongoni na utulivu mdogo kabisa au asipewe kabisa kama ataweza. Valium msiikatize wenyewe. Daktari ataamua aendelee nayo au aipunguze polepole kwa wiki kadhaa kabla. Kukaa macho anaruhusiwa kuomba, ni haki yake, na si ushujaa wa ajabu. Ulizeni kama anaweza kuvaa spika za masikioni akasikiliza kwaya yake. Tafiti kadhaa zimeona muziki ukipunguza kiasi cha dawa ya kutuliza kinachohitajika. Ila msimfungie daktari mlango. Mzee akianza kuhangaika mezani nyama ikiwa imefunguliwa, kumwongezea dawa kidogo ni salama kuliko kumwacha arushe mkono.

Baadaye kazi ni yenu zaidi kuliko ya dawa. Miwani irudi usoni pale pale chumba cha kuzindukia. Mmoja wenu anayemjua alale naye usiku wa kwanza na wa pili, amwambie yuko wapi, leo siku gani, goti limekwenda vizuri. Asibishane naye kuhusu tanga. Akubali kidogo, abadilishe mazungumzo. Mchana madirisha wazi, usiku taa izimwe na wapiga soga watoke nje. Anywe maji. Ale, hata jioni ile ile kama hatapiki. Sato wa kuchemsha na ugali laini hawana ugomvi na goti. Na asimamishwe mapema. Ganzi ikishaachia na mtaalamu wa viungo akiridhika kwamba paja lina nguvu, mtu wa goti husimama siku ile ile au kesho yake akishikilia fremu ya kutembelea. Hapo ndipo utulivu mdogo unapolipa: mtu anayesinzia hadi saa kumi jioni anakosa zoezi la kwanza, na kulala tu kitandani kunaalika damu kuganda miguuni na vichomi vya mapafu.

Siku akikaa kimya kupita kiasi, analala mchana kutwa, hajibu, hali, msishukuru kwamba mwaka huu katulia. Mkanganyiko wa kimya upo, na huo hukosa mtu wa kuushtukia. Mwiteni nesi.

*

Sista za kazi. Nina miaka 27, naishi Igoma, ni mgonjwa wa siko seli. Nyonga ya kushoto imeoza kichwa chake, nimeambiwa nibadilishiwe. Mimi naomba nizimwe kabisa, sitaki kusikia nyundo, lakini daktari wa usingizi anasema tutumie ganzi na usingizi mwepesi. Ananibania dawa?
Kijana wa Igoma

Nzuri, mwanangu, na pole kwa maumivu hayo, nayajua kwa kuyaona. Watu wengi hudhani nyonga bandia ni mambo ya vikongwe, kumbe huku kwetu Kanda ya Ziwa, ambako siko seli imejaa, nilipokea mezani vijana wa umri wako. Nchi nzima inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Chembe za damu zilizopinda zinaziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja, mfupa unakufa njaa, unabonyea.

Hakubanii. Adui zako ni vitu vinavyozikunja chembe zako: oksijeni kushuka, baridi, kukaukiwa maji, na maumivu yasiyotulizwa. Usingizi mzito usio na mrija wa kupumulia unapunguza pumzi, ulimi unarudi nyuma, na oksijeni inashuka kabla hata kile kibanio cha kidoleni kinachoipima hakijapiga kelele. Kwa mtu mwingine ningerudisha taya mbele, basi. Kwako hata kushuka kwa muda mfupi sitaki. Nusu kaputi yenye mrija nayo inawezekana na wenye siko seli hufanyiwa, hapo pumzi inaendeshwa na mashine, kwa hiyo kama nyundo inakutisha kweli kweli lijadili naye kwa uwazi. Atapima kifua chako na historia yako. Kinachokaa vibaya ni cha katikati, usingizi mzito bila mrija.

Ukikubali ganzi, mwambie unataka usingizi mwepesi, oksijeni ya usoni tangu mwanzo, na masikio yaliyozibwa kwa muziki wako. Sehemu ya kupigilia ni dakika chache katika kazi nzima. Omba akuambie ikikaribia, aongeze kidogo hapo, kisha apunguze. Ni ombi ambalo mtu wa usingizi mwenye uzoefu analielewa mara moja.

Mengine usiyasahau. Uliza mapema kuhusu damu, maana wengi wenu huongezewa kabla ya upasuaji mkubwa, na damu yako si rahisi kila wakati kuipata inayolingana. Haidroksiyurea, kama ni dawa yako ya siko seli, usiiache bila kuambiwa. Usikae na kiu tangu jioni. Waombe wakuwekee maji ya mshipani ikiwa zamu yako itachelewa. Na nenda na blanketi, thieta zina baridi ya kuudhi. Baada ya upasuaji, ukisikia kifua kinabana au pumzi fupi, hata saa tisa usiku, sema. Usivumilie kiume.

*

Sista, hapa Mwaloni Kirumba tunapouza dagaa kila mama aliyechomwa sindano ya mgongo analia kiuno. Mimi goti linaniua lakini hiyo sindano siitaki ng'o.
Mama Dagaa

Mama Dagaa, wanaokaa kwenye vigoda kutwa nzima wameinama juu ya ndoo wanalia kiuno hata wasiochomwa, na wengi wa hao mama sindano waliipata kwa uzazi, ambao peke yake unatosha kuumiza kiuno. Palipochomwa pataudhi siku chache, kisha basi. Sindano huingia chini ya pale inapoishia ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo, haiguswi.

Madhara yake ya kweli ni mengine. Presha kushuka ghafla, ndiyo maana tunaipima kila baada ya dakika chache. Kutetemeka. Mkojo kugoma saa za mwanzo. Na kichwa: mara chache, siku ya kwanza au ya pili, huuma ukikaa na kuachia ukilala. Hicho si cha kunyamazia, kina matibabu. Kina historia pia. Mwaka 1898 daktari Mjerumani August Bier, wa kwanza kufanya upasuaji kwa ganzi hii, aliijaribu yeye na msaidizi wake kabla ya kuendelea na wagonjwa. Msaidizi alipokufa ganzi, Bier akampiga nyundo ya chuma kwenye muundi kuona kama atahisi. Hakuhisi. Wote wawili wakaugua kichwa siku zilizofuata, siku hizo sindano zikiwa nene. Za leo ni nyembamba mno.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una jipu mgongoni, sema. Hapo sindano inaweza kukataliwa na daktari mwenyewe. Vinginevyo, mama, hofu ya majirani isikuache na goti bovu.

*

Dada, mimi niliamka katikati! Niliambiwa nitalala sitajua kitu, nikasikia wanagonga na wanaongea habari za mechi. Sikuumia, lakini hadi leo nikisikia fundi anagonga bati moyo unaruka. Niwashitaki?
Aliyesikia, Nyegezi

Umesema hukuumia, kwa hiyo ganzi ilifanya kazi yake. Kuamka kwenye usingizi mwepesi hakukuwa hitilafu. Ndivyo ulivyo, mtu anazama na kuibuka. Kosa lilikuwa ile ahadi. Aliyekuambia hutajua kitu alikuahidi nusu kaputi akakupa kitu kingine, na hilo ninalilaani, nimelisikia mno kwa wenzangu wanaotaka mgonjwa atie sahihi haraka. Aambiwe tu: utasinzia, unaweza kusikia sauti, ukitaka kitu niite, niko hapa kichwani. Maneno hayo hayachukui hata dakika moja. Na habari za mechi wangeziacha chumba cha chai.

Kushitaki ni uamuzi wako. Mimi ningeanza kwa kurudi pale, kuomba kuonana na daktari wa usingizi, anieleze kilichofanyika na kuandika kwenye faili kwamba nilisumbuka, ili safari nyingine wajue. Moyo kuruka ukiendelea na usingizi wa nyumbani ukiharibika, mwone mshauri wa afya ya akili. Kuna watu hufunguka kwa mazungumzo machache. Na kwa wasomaji wengine: ukisikia maumivu mezani, si kuguswa wala kuvutwa bali maumivu, sema kwa sauti. Hilo ni la kurekebishwa papo hapo.

*

Nilirudishwa nyumbani Sengerema kwa sababu nilikunywa chai saa kumi na moja alfajiri, upasuaji saa mbili. Chai tu! Nauli nani atanirudishia?
Mwenye hasira

Ya rangi au ya maziwa? Maana ya rangi isiyo na kitu, hata maji, kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Ya maziwa ni chakula, uji ni chakula, togwa ni chakula, na chakula kinataka saa sita. Hata kwa ganzi na usingizi mwepesi, kwa sababu mtu aliyesinzia akitapika chakula kinaweza kuteremka mapafuni. Wewe hukuandika ni ipi, nami nahisi ilikuwa na maziwa. Nauli samehe.

*

Shikamoo mama. Mke wangu anasema nakoroma hadi majirani wa Mabatini wanagonga ukuta, na wakati mwingine nakata pumzi kabisa. Nina kilo 118. Nabadilishiwa goti mwezi ujao. Je, nimwambie daktari wa usingizi au ni mambo ya ndani?
Baba Mkoromaji

Marahaba. Mwambie! Hili ni la kwanza kumwambia kabla hata ya jina lako. Anayekata pumzi usingizini akipewa dawa ya kutuliza anakata pumzi vilevile, ila safari hii mwili hauna nguvu ya kumwamsha. Kwako mimi ningependelea ganzi, macho mawili wazi, kichwa kimeinuliwa kidogo, oksijeni usoni. Na usiku wa kwanza wodini dawa za maumivu za jamii ya mofini zitolewe kwa tahadhari, kidole kikiwa kwenye kibanio, ulale umeinuka. Kama una mashine ya kupumulia usiku, nenda nayo.

Nyumba za Mabatini ziko juu ya mawe, kwa hiyo kabla hujaruhusiwa kutoka mwambie mtaalamu wa viungo una ngazi ngapi hadi mlangoni, akufundishe kuzipanda na magongo. Na kliniki nenda na mkeo. Wewe ukikoroma huwa umelala, hujui lolote. Shahidi ni yeye.